Hasira Tunazo, Tufanyeje? Mazungumzo ya Walimu katika Siku ya Wakimbizi Duniani



Kamati ilipotuita tuseme neno katika sherehe hii ya tarehe 20 Juni, sisi walimu tulidhani tutapewa kuzungumzia elimu, maana hilo ndilo shamba letu. Tukaambiwa, hapana, zungumzeni juu ya hasira. Mjumbe mmoja, mama mtu mzima, akaongeza: "Lakini msituhubirie. Mahubiri tunayo Ijumaa na Jumapili. Tupeni kitu cha kufanya." Basi tumejaribu kulitii neno lake. Mtakayosikia ni mazoezi ambayo tumeyafanya sisi wenyewe na wenzetu, mengine yakatufaa sana, mengine kidogo, na tutasema yapi.

Tuanze na jambo lisilohitaji mwalimu. Hasira tunazo, na sababu tunazo. Wazee wetu walivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, vita vilipowaka Kivu ya Kusini, wakafika Kigoma, na mwaka uleule kambi hii ya Nyarugusu ikafunguliwa. Vita vya pili vilianza mwaka 1998, wakaja wengine. Ndugu zetu wa Burundi wakaja kwa wingi mwaka 2015. Katika miaka hiyo wako watu waliokufa bila kaburi lao kujulikana, yako mashamba yaliyoshikwa na wengine, viko vyeti vilivyoungua. Wako vijana waliozaliwa hapa, wakasoma hapa, wakaoa hapa, na bado wanaulizwa kwao ni wapi. Mgao wa chakula umepata kupunguzwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya uhaba wa fedha. Mwaka 2017 tunaukumbuka, na mwaka 2023 tunaukumbuka zaidi. Mtu akisema kwamba mkimbizi mwenye hasira ni mkimbizi mkorofi, huyo hajakaa na bido yake bombani tangu saa tisa usiku.

Kwa hiyo hatukuja kusema kwamba hasira ni dhambi. Hasira ni kama mbwa wa nyumbani. Akibweka, kuna kitu kimepita uani, na kazi ya mwenye nyumba ni kutoka kwenda kuangalia ni mwizi au ni kuku wa jirani. Anayemwua mbwa wake atalala bila mlinzi. Anayemfungulia kila anapobweka, ataumiza wageni.

Lakini tutazame pia hasira zetu zinamwangukia nani. Haziwaangukii waliotufukuza, maana hao wako mbali. Zinamwangukia mke, mtoto, mwenzetu aliye mbele yetu katika foleni, au kijana mfanyakazi wa shirika ambaye hana uwezo wa kubadilisha hata mstari mmoja wa orodha aliyoshika. Ndugu zetu wa pwani wana methali: hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Wanasema samaki huyo akichokozwa hurukaruka kwa hasira, mpaka anaangukia mwenyewe ndani ya chombo. Sisi watu wa ziwa tunajua mgebuka na dagaa, mkizi hatumjui, lakini maana tumeielewa.

Na kwa kuwa tumekatazwa kuhubiri, tuanze na kosa letu wenyewe.

Sisi tunaozungumza mbele yenu tulisomea ualimu chuoni kabla ya kukimbia. Tulifundishwa kuandaa somo, kupanga maswali kutoka jepesi hadi gumu, kuandika ubaoni bila kuwapa wanafunzi mgongo. Hatukufundishwa la kufanya siku mwalimu mwenyewe anapowaka.

Asubuhi moja tulipita kwenye ubao wa matangazo kutafuta jina letu katika orodha tuliyoingoja kwa miezi mingi. Jina halikuwapo. Tuliyemuuliza alitujibu turudi mwezi ujao, wala hakuinua macho. Tulikuwa hatujala tangu mchana wa jana yake. Tukaingia darasani, wanafunzi zaidi ya themanini, na katika benchi la pili kijana wa darasa la nne alikuwa amelala juu ya daftari lake, udenda unamtoka. Tulimwita mara moja. Mara ya pili hatukumwita. Tulishika fimbo ya kuonyeshea ramani tukampiga mkononi na begani, tena si mara moja, na darasa zima likanyamaza kimya ambacho mpaka leo hatujakisahau.

Siku tatu hakuonekana. Siku ya nne alikuja mama yake, na daftari la mtoto limefungwa ndani ya kipande cha kitenge. Hakupiga kelele. Alisema: "Mwalimu, sikuja kugombana. Nimeleta daftari lenu. Mtoto anasema hatalihitaji tena." Na sisi, kiburi kikiwa bado kimetushika, tukamuuliza kwa nini mtoto wake analala darasani. Akajibu: "Mimi ni mjamzito, miezi imetimia. Yeye ndiye anayepanga bido usiku."

Mtu aliyekosa kwa hasira, kimbilio lake la kwanza ni kusema shetani alimpitia. Nasi tulilisema hilo moyoni njiani kurudi nyumbani. Lakini tulipokaa tukahesabu, tukaona hakuna shetani aliyepita. Ilipita orodha isiyo na jina letu, likapita tumbo tupu, ikapita aibu ya kujibiwa bila kutazamwa, na mwisho wa msafara huo akasimama mtoto asiyejua lolote kati ya hayo. Tulimwomba mzee mmoja wa kijiji atusindikize, tukaenda kuomba radhi mbele ya mtoto mwenyewe, siyo mbele ya mama peke yake, kwa sababu aliyepigwa ni yeye. Wiki iliyofuata alirudi shuleni. Alikaa benchi la mwisho, na mwaka ule wote hakutuinulia mkono kujibu swali hata mara moja.

Ni kwa ajili ya benchi lile tulianza kuuliza watu na kusoma tulichoweza kupata. Tukaungana na walimu wengine, washauri wa kituo cha afya, na akina mama kadhaa wenye hekima kuliko sisi sote.

La kwanza tulilojifunza ni kwamba hasira huanza mwilini kabla mtu hajajua kuwa amekasirika. Mwaka 1915 mtaalamu mmoja wa Marekani, Walter Cannon, alitoa kitabu juu ya mabadiliko ya mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na ghadhabu. Angalieni hapo, ndugu zetu: njaa na ghadhabu ndani ya kitabu kimoja. Alieleza kwamba mwili unapohisi hatari hujiandaa kupigana au kukimbia. Tezi ndogo zilizo juu ya figo humwaga ndani ya damu dawa iitwayo adrenalini. Moyo huenda mbio, pumzi inakuwa fupi, damu hukimbilia kwenye misuli, tumbo linaacha kazi yake, koo hukauka. Maandalizi hayo yalikuwa mazuri kwa mtu aliyekutana na chui. Lakini mwili haujui kutofautisha chui na karani, na wengi wetu tulikutana na mambo mabaya kuliko chui, kwa hiyo miili yetu imezoea kuruka haraka, hata kwa sauti ya mlango tu. Kujua hivyo kulitusaidia. Tuliacha kujiona watu wabaya, tukaanza kujiona watu wenye kazi ya kufanya.

Zoezi la kwanza, basi, ni kuutafuta mlango ambao hasira huingilia. Tunakaa kikundi, mtu mmoja analala chini kwenye udongo, mwenzake anazungusha kijiti kumzunguka, na mwili unabaki umechorwa. Kisha kila mtu anachukua jiwe dogo na kuliweka mahali anapoanza kusikia hasira. Mwanzoni watu hucheka, na waacheni wacheke. Mama mmoja aliliweka jiwe nyuma ya shingo. Kijana mmoja akaliweka kwenye masikio, akasema yanakuwa ya moto. Baba mmoja alizunguka mchoro mara mbili bila kuweka, halafu akaliweka kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia, na mke wake aliyekuwa pale akasema taratibu, "Ni kweli. Gumba likianza kusugua, watoto hutoka nje." Yeye baba hakuwa anajua. Watoto wake walikuwa wanajua. Fanyeni zoezi hili hata nyumbani, na kama hamwezi kuupata mlango wenu, waulizeni watoto. Faida yake ni kwamba anayejua mlango humwona mgeni akiwa bado kizingitini, wakati nafasi ya kufanya jambo bado ipo. Akishaingia na kuketi, ni vigumu kumtoa.

Zoezi la pili ni la pumzi. Tunajua wengine wataguna, kwamba tumekuja mpaka hapa kufundishwa kupumua. Na sisi tuliguna. Jinsi ya kulifanya ni hivi: vuta pumzi kwa pua ukihesabu moja mpaka tatu, kisha itoe polepole ukihesabu moja mpaka sita, kama mtu anayepuliza makaa bila kutaka majivu yaruke. Rudia mara kumi. Siri iko kwenye kutoa, siyo kwenye kuvuta. Kutoa pumzi kwa muda mrefu ndiko kunakoupunguza mwendo wa moyo, na moyo ukipungua mwendo, mwili unaanza kuamini kwamba chui ameondoka. Kosa la watu wengi ni kulijaribu siku ya ugomvi kwa mara ya kwanza, halafu wakasema halifai. Nani alijifunza kuogelea siku mtumbwi ulipopinduka? Fanyeni kila siku mnaposubiri maji yachemke, au mkiwa kwenye foleni. Wanafunzi wetu hulifanya asubuhi kabla ya hesabu, dakika mbili tu, na tunakiri kwamba anayelihitaji zaidi pale ni mwalimu.

Hapa tuweke neno juu ya mazoea fulani. Wako wanaosema hasira itolewe, kwamba mtu aende akapasue kuni, apige mto, apige kelele porini, mpaka ziishe. Sisi pia tuliamini hivyo. Lakini mwaka 2002 mtafiti wa Marekani aitwaye Brad Bushman alichapisha uchunguzi aliowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Waliudhiwa kwanza, halafu baadhi yao wakapewa mfuko wa ndondi waupige huku wakimfikiria aliyewaudhi, na wengine wakaketi kimya tu. Waliopiga huku wakimfikiria mtu wao ndio waliobaki na hasira kubwa, na walioketi kimya ndio waliokuwa afadhali. Mwaka 2024 yeye na mwenzake Sophie Kjærvik walikusanya tafiti 154 za watu mbalimbali, na jibu likawa lilelile: yanayoutuliza mwili hupunguza hasira, yanayouchemsha mwili hayapunguzi. Kwa hiyo pasueni kuni, maana ugali haujipiki, lakini kila shoka likishuka msimwone jirani juu ya gogo.

Zoezi la tatu ni la kurudi pale ulipo. Ghadhabu humchukua mtu akampeleka mbali. Mwili uko bombani, akili iko Fizi mwaka uleule. Basi simama, bonyeza nyayo zako chini mpaka uisikie ardhi ndani ya malapa. Jiambie taratibu mambo matatu unayoyaona, matatu unayoyasikia, na kimoja unachokigusa. Naona bido ya njano. Naona mtoto amevaa sweta kinyume. Naona wingu. Nasikia kinu. Hakuna uganga wowote hapo. Unauambia mwili mahali ulipo na saa iliyopo.

Zoezi la namna hii hatukulibuni sisi. Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha michoro mwaka 2020 chenye mazoezi ya jinsi hiyo kwa watu wenye msongo. Mwaka huohuo yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanyika katika makazi ya wakimbizi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, kwa wanawake 694 wa Sudan Kusini. Walioingia katika mpango ule walikutana mara tano katika vikundi, wakisikiliza mafunzo yaliyorekodiwa na kutazama kitabu cha picha, na waongozaji hawakuwa waganga wala wataalamu wakubwa. Baada ya miezi mitatu walionekana wana nafuu kuliko wenzao ambao hawakupata mafunzo yale, na mojawapo ya mambo yaliyopungua ni hasira za kulipuka. Tunalitaja kwa sababu hao ni wakimbizi kama sisi, wanaopanga foleni kama sisi. Mtu asituambie kwamba mambo haya ni ya wazungu wenye nafasi.

Zoezi la nne ndilo tunalolipenda kuliko yote, na ndilo gumu. Tunaliita mafiga. Chungu cha hasira hakikai hewani, kinakaa juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni tukio lenyewe, kile ambacho kamera ingekiona. Figa la pili ni maneno tuliyojiambia juu ya tukio hilo. Figa la tatu ni hali tuliyokuwa nayo kabla: njaa, uchovu, hofu, aibu, usingizi. Ukiondoa figa moja tu, chungu hakisimami.

Tuchukue mfano wa hapahapa. Mama mmoja alipanga bido yake ya nane katika foleni, akaenda kumnyonyesha mtoto, akarudi akaikuta ya kumi na moja. Alimrukia jirani yake, wakashikana nywele, sungusungu wakaitwa. Baadaye kikundini tulimwomba aweke mafiga. La kwanza alilitaja haraka: bido ilisogezwa. La pili tulipomuuliza alijiambia nini, alisema: "Nilijiambia wananidharau kwa sababu sina mwanamume nyumbani." La tatu alikaa nalo muda mrefu. Halafu akasema kwamba usiku ule mtoto alikuwa na homa, na yeye alikuwa anaogopa atakufa kama yule wa kwanza. Wanawake wote pale walinyamaza. Hasira yake ilikuwa ya bido tatu, lakini chini yake palikuwa na mtoto aliyezikwa. Jirani aliyepigana naye alisimama, akaenda kuketi karibu naye.

Msitudhanie kwamba kila zoezi huisha vizuri hivyo. Safari nyingine mtu huondoka amenuna. Lakini jaribuni hili hasa kwenye figa la pili: kabla ya kuamini kwamba umedharauliwa, tafuta sababu nyingine tatu zinazoweza kueleza jambo lilelile. Pengine bido ilisogezwa na watoto. Pengine aliyepanga alikosea hesabu. Pengine ni dharau kweli. Siyo lazima sababu nyingine iwe ndiyo ya kweli. Kazi yake ni kuufungua mkono uliokwisha kukunja ngumi. Na kama baada ya hapo unaona ni dharau kweli, basi una haki ya kudai, na utadai vizuri zaidi.

Namna ya kudai nayo hufundishwa. Tumezoea kuanza na "wewe": wewe mjinga, wewe siku zote, wewe na ukoo wako. Neno likianza hivyo, mwenzako anashika ngao hata kabla hujamaliza. Jaribu kusema tukio, kisha lilivyokuumiza, kisha unachoomba. "Bido yangu ilisogezwa nyuma. Nimeumia, kwa sababu nina mgonjwa nyumbani. Naomba irudi mahali pake." Maneno matatu hayo, basi. Ukoo wake uache upumzike.

Zoezi la tano ni la nyumbani: kuondoka kwa kuaga. Wanaume wengi wetu tumeambiwa ukikasirika toka nje. Ni vema, lakini anayetoka kwa kubamiza mlango amepigana tayari. Tena wengi tunatoka moja kwa moja mpaka kwenye gongo, na mtu aliyetoka na hasira kidogo hurudi nazo nyingi. Fanyeni hivi: mkiwa na amani, mume na mke, mpatane juu ya neno moja. Yeyote atakayelisema, maana yake ni kwamba anatoka na anarudi. Ataje na muda: nusu saa, au mpaka jua liguse miti. Atembee, apumue, asipange hotuba njiani. Muda ukifika arudi, hata kama bado amenuna, kwa sababu asiyerudi mara moja hataaminiwa mara ya pili. Nyumba moja tunayoijua walichagua neno "chumvi". Watoto wao sasa hulitumia wakigombana, na sisi tunaliona jambo hilo kuwa kubwa kuliko hotuba hii yote.

Sasa tuseme jambo moja kwa uwazi, na wanaume wenzetu watuvumilie. Yuko anayempiga mkewe halafu anasema, "Hasira zikinipanda sijiwezi." Tumwulize: jana askari alipokuzuia njiani ukiwa na mzigo wako, akakusemesha vibaya, hasira hazikukupanda? Zilikupanda. Mbona mkono ulikaa mfukoni? Basi unajiweza. Unachagua mahali pa kutojiweza. Nasi tulichagua: hatukumpiga yule aliyetujibu bila kuinua macho, tulimpiga mtoto wa darasa la nne. Kwa hiyo mazoezi haya ni ya anayepiga. Anayepigwa msimwambie akavute pumzi. Huyo asindikizwe mahali salama, kwa wafanyakazi wa ulinzi au kituo cha afya, usiku huohuo, na sungusungu wetu wasimrudishe nyumbani kwa kisingizio cha kupatanisha.

Wako pia wenzetu ambao hasira yao si ya kawaida. Haji usingizi, wanaona tena yale waliyoyaona, wanasikia risasi mahali pasipo risasi, wanazinduka wamemkaba mtu wa kando yao. Hao wasiitwe wakorofi wala wenye mapepo. Mazoezi yanaweza kuwasaidia kidogo, lakini wanahitaji mshauri na mganga, na wanahitaji kusindikizwa, maana mtu wa namna hiyo mara nyingi haendi peke yake.

Neno kwa walimu wenzetu ni fupi. Mnapoisikia ile hali, wekeni chaki mezani. Ndiyo zoezi lote. Weka chaki mezani, weka na fimbo nje ya darasa moja kwa moja, waambie wanafunzi wafungue ukurasa wowote, wewe tembea mpaka mlangoni, utazame nje kwa pumzi kumi. Wanafunzi wetu sasa wakiona chaki imewekwa wanajua, na mara nyingine wanapumua pamoja nasi bila kuambiwa. Heshima yetu haikupungua. Kelele ndizo zilizopungua.

Kwa wageni wetu wa mashirika, tunawashukuru kwa kukaa hapa juani kutusikiliza, na tunawaomba mtuvumilie kwa neno moja. Msije mkayachukua mazoezi haya mkayafanya badala ya mambo mengine. Mtu hawezi kupumua mpaka akashiba. Nyingi katika hasira za foleni zinaweza kupunguzwa kwa mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi: tangazo la mapema kabla mgao haujabadilika, katika lugha zetu, na sababu yake, kivuli mahali pa kusubiri, na karani anayeinua macho. Habari mbaya yenye maelezo humwumiza mtu mara moja. Habari mbaya isiyo na maelezo humwumiza kila siku mpaka ajitungie maelezo yake mwenyewe, na hayo ndiyo yanayokuja kupasua dirisha. Tunajua kwamba nanyi mna hasira zenu, mkitukanwa kwa maamuzi yaliyofanyika mbali na hapa. Karibuni kikundini. Mchoro wa mwili hauulizi kitambulisho.

Yule kijana wa darasa la nne amekwisha kuwa mtu mzima. Mwaka jana alikuja shuleni kumwandikisha mdogo wake, yule ambaye mama alikuwa na mimba yake. Tulisalimiana. Akatazama darasani akatuuliza, "Mwalimu, fimbo ya ramani iko wapi?" Tukamwambia sasa tunatumia kidole. Akacheka kidogo, akasema basi mtoto ataanza Jumatatu.

Kikundi chetu hukutana kila Jumatano saa tisa alasiri chini ya mwembe ulio nyuma ya madarasa. Wanaume Jumatano moja, wanawake Jumatano inayofuata, na mwisho wa mwezi wote pamoja. Wanaonyonyesha waje na watoto wao. Atakayekuja alete kitu cha kukalia na jiwe moja dogo. Hakuna orodha ya majina.